TANGAZO LIKITOKA, KIFAA KIWEKE CHINI

Kijana mwenzangu, kulenga shabaha kwa upinde ni mchezo mzuri. Lakini je, ukisikia kifaa chako kimetangazwa kuwa na kasoro, utafanyaje?

Kasoro inaumizaje?
Ukivuta upinde, nguvu yako inabaki kwenye upinde uliopinda. Ukiachia, inaondoka na mshale. Nyuma ya mshale kuna kipande kidogo chenye mfuo wa kushika upote. Kikipasuka au kisiposhika vizuri, upote unateleza na nguvu inarudi kwenye upinde wenyewe. Upinde unaweza kuvunjika, vipande vikampiga mchezaji. Kumbe kitu kidogo kuliko ukucha kinaweza kumtoa mtu jicho!

Kurudisha bidhaa ni nini?
Ni kiwanda kutangaza kasoro, kutaja aina ya kifaa, na kuwaambia wanunuzi kama watabadilishiwa, watatengenezewa au watarudishiwa pesa. Marekani kuna tume ya serikali ya kusimamia jambo hili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972.

Tatizo ni kwamba tangazo huondoa bidhaa madukani, haliingii chumbani kwako. Chukua mfano wa mishale mizito yenye ncha ya chuma, ya kurusha kwa mkono bustanini. Baada ya watoto 3 kufa, tume hiyo iliipiga marufuku mwaka 1988. Hata hivyo mwaka 1997 mtoto wa miaka 7 aliumizwa ubongo na mshale wa aina hiyo. Tume ikabidi iwaambie tena wenye nayo waiharibu.

Zingatia haya:
1. Acha kukitumia siku hiyohiyo. Usiseme, "Mbona changu kizima?" Kasoro haipigi hodi.
2. Usikigandishe kwa gundi, usikiuze, wala usimpe mdogo wako.
3. Kabla ya kucheza, kagua upinde, upote na kila mshale. Mshale uliopasuka uvunje, utupe.
4. Usivute upote na kuuachia bila mshale.
5. Mshale ukimchoma mtu, usiuchomoe, maana damu inaweza kutoka zaidi. Uzuie usitikisike, mwahishe hospitali.

Mjadili na wenzako: Rafiki anataka kukuuzia kwa bei poa kifaa kilichotangazwa kuwa kibovu. Utamjibuje?