Swali Kwanza, Mashine Baadaye: Utangulizi wa Mifumo ya Taarifa za Usimamizi katika Biashara

Mfanyabiashara akisikia habari za mfumo wa taarifa za usimamizi, kinachomjia kwanza ni kompyuta na bei yake. Kijitabu hiki kinaanzia kwingine. Mfumo huo ni utaratibu mzima wa kukusanya kumbukumbu za biashara, kuzichambua, na kumfikishia mwenye kuamua anachokihitaji kabla wakati wa kuamua haujampita. Ndani yake wamo watu, kanuni na madaftari; mashine ni kiungo kimoja. Hoja yetu ni kwamba mfumo unaofaa huanza na swali la biashara, na anayeanza na mashine huishia na namba nyingi zisizomjibu chochote.

Ushahidi wake unatoka kwa wauza chai. Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, yenye migahawa mingi na viwanda vya keki, ilichangia fedha kwa Chuo Kikuu cha Cambridge kilipokuwa kikitengeneza kompyuta iitwayo EDSAC, kisha ikajitengenezea ya kwake, LEO, iliyoanza kukokotoa gharama za bidhaa za tanuri mwaka 1951. Baadaye ilishika mishahara na oda za migahawa. Kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida, na msimamizi alipiga simu kutaja mabadiliko tu: mikate iongezwe, keki zipunguzwe. Ujanja haukuwa wa umeme. Miaka mingi kabla ya LEO, Lyons ilikuwa na watu wa kuchunguza taratibu zake za ofisi, kwa hiyo mashine ilipofika iliwakuta wanajua wanachokitafuta. Kwa mwenye duka la jumla, funzo ni hilo la mabadiliko: hana haja ya kusoma kila risiti, bali aone kilichotofautiana na kawaida.

Tanzania leo haina uhaba wa kumbukumbu. Mashine za EFD, zinazotoa risiti za kodi, zimekuwa madukani tangu 2010 na kila siku hutoa ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ya siku. M-Pesa, iliyoingia nchini 2008, huweka orodha ya kila shilingi iliyopita kwenye simu. Hata hivyo duka lenye vyote viwili laweza kushindwa kusema ni bidhaa gani imedoda, au nani kachukua mali kauli na hajaleta fedha. EFD iliwekwa kujibu swali la mkusanya kodi. La mwenye duka halijibiwi mpaka aliulize mwenyewe, na penseli yaweza kutosha.

Wapo watakaosema biashara yao wanayo kichwani. Kwa duka la mtu mmoja, hiyo ni kweli kuliko wataalamu wanavyopenda kukiri. Kichwa kinachokumbuka tabia za wateja ni hazina. Shida huanza linapofunguliwa duka la pili, au mwenye kichwa anapolazwa hospitali. Tunaambiwa mali bila daftari hupotea bila habari, ingawa msemo huo hausemi daftari lisomwe lini, na madaftari mengi hufunguliwa siku ya ugomvi tu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfumo waweza kusema uongo. Shirika la posta la Uingereza lilianza kutumia mfumo wa Horizon mwaka 1999, ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Watu zaidi ya 900, wengi wao wasimamizi wa ofisi za posta, walitiwa hatiani. Mahakama Kuu ilitambua kasoro za mfumo mwaka 2019, na sheria ya kufuta hukumu hizo ikapitishwa 2024. Hatuoni hapo sababu ya kurudi gizani. Kilichowaangamiza wasimamizi wale ni kompyuta kuaminiwa kuliko mtu, ilhali wao hawakuwa na njia ya kuona kasoro ilipo. Ulinzi wake ni wa zamani: kuhesabu mzigo kwa mkono na kulinganisha na kilichoandikwa. Bidhaa kumi zinazotoka sana, mara moja kwa wiki, zatosha kuanzia. Tofauti ikionekana, maandishi na mashine vikaguliwe kwanza, ndipo muuzaji aulizwe.