Nani anaruhusiwa kusoma faili yako hospitalini?

Juma hili hatuzungumzii ugonjwa wenyewe. Tunazungumzia maandishi yanayoutaja ugonjwa wako, na hasa yale yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta.

Chukua mfano wa mama mmoja wa Ndabibi, mkulima wa mahindi na maharagwe. Ana mimba ya miezi mitano, na amepimwa akapatikana na virusi vya Ukimwi. Dawa za kumkinga mtoto zipo, na katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Lakini karani anayeandikisha wagonjwa ni jirani yake, na anayefagia vyumba ni ndugu ya mumewe. Basi mama huyu huona afadhali kupanda matatu hadi Naivasha, au hata Nakuru, mahali asipojulikana. Mwezi akikosa nauli, amekosa dawa. Anayeumia ni mtoto aliye tumboni.

Hofu kama hiyo si ya bure. Mnamo Februari 2015, serikali ya Kenya iliagiza ikusanywe orodha ya wanafunzi wenye virusi vya Ukimwi, walezi wao, pamoja na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Watetezi wa haki walikwenda mahakamani. Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha, ikatoa siku 45 majina yafichwe kwa alama za siri.

Askari wa mlangoni hatoshi

Tangu 2012, vituo vingi vinavyohudumia watu wenye virusi hivyo nchini vimekuwa vikitumia programu iitwayo KenyaEMR. Kama ilivyo kwa programu nyingi za aina hii, mhudumu huandika jina lake na neno la siri, kisha mashine humwonyesha yale ambayo cheo chake kinamruhusu kuona.

Utaratibu huo ni mzuri, lakini ni sawa na ghala lenye askari mlangoni. Askari humzuia anayepitia mlangoni tu. Mwizi akiibeba mashine yenyewe, au fundi akinakili diski, hakuna aliyemuuliza kitu. Ikiwa maandishi yaliyomo ni ya kawaida, atayasoma yote.

Dawa ya tatizo hili ni usimbaji, yaani kuyageuza maandishi kuwa fumbo ambalo halisomeki bila ufunguo. Hata hivyo, hapo huzuka swali jingine: ufunguo apewe nani? Ukiwapa wahudumu wote ufunguo mmoja, siri imekwisha. Ukimpa kila mhudumu ufunguo wake wa kawaida, itabidi kila faili iandaliwe kwa ajili ya kila jina, na muuguzi mpya akija kazi hiyo ianze tena.

Ufunguo unaofuata sifa

Mwaka 2005, wataalamu Amit Sahai na Brent Waters walichapisha wazo jipya: faili isifungwe kwa majina ya watu, bali kwa sifa zao. Mwaka 2007, wakiwa pamoja na John Bethencourt, walionyesha jinsi sharti la kusoma linavyoweza kufungwa pamoja na faili yenyewe.

Turudi kwa mama yetu. Faili yake inaweza kugawanywa hivi:

Maelezo ya ushauri na vipimo: yasomwe na aliye muuguzi AU ofisa wa kliniki, NA awe wa kitengo cha uzazi, NA awe wa zahanati hii.

Dawa alizoandikiwa: zisomwe na mfamasia wa zahanati hii, pamoja na hao wa kwanza.

Tarehe ya kurudi: isomwe na karani pia.

Kila mhudumu anapoajiriwa hupewa ufunguo wenye sifa zake. Sifa zikitimiza sharti, faili hufunguka. Zisipotimiza, ataona fumbo tupu, hata kama ameibeba mashine nyumbani kwake. Muuguzi mpya akija, hakuna haja ya kugusa faili hata moja. Ufunguo wake tu unatosha.

Labda unajiuliza: je, karani wa kitengo cha uzazi akishirikiana na muuguzi wa kitengo cha macho, hawawezi kuunganisha sifa zao? La. Kila ufunguo umechanganywa na tarakimu ya siri iliyo yake peke yake. Ni kama vipande vya kanga mbili tofauti: hata ukivishona, nakshi hazikutani.

Mapungufu yake

Mbinu hii si ya miujiza, na usidhani kuwa kila hospitali inaitumia. Kwanza, ofisi inayotoa funguo ina uwezo wa kufungua kila kitu, kwa hiyo nayo lazima ichungwe. Pili, mhudumu akihamishwa au kufutwa, ufunguo wake haupotei wenyewe. Lazima uwekewe muda wa kwisha, au faili zifungwe upya. Tatu, lazima kuwe na njia ya dharura, kwa mfano mgonjwa anapoletwa usiku akiwa hana fahamu. Na mwisho, hakuna hesabu inayoweza kuufunga mdomo wa mtu aliyeruhusiwa kusoma kisha akaenda kusimulia sokoni.

Wewe ufanye nini?

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kutangaza majibu ya kipimo cha mtu bila idhini yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa vipi, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa.

Kwa hiyo, uendapo zahanati, uliza kwa heshima: "Ni nani hasa wanaoweza kusoma faili yangu?" Hilo si swali la utovu wa adabu. Omba kuzungumza na muuguzi faraghani. Siri yako ikitolewa, mweleze msimamizi wa kituo, na usiporidhika peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Zaidi ya yote, usiache dawa kwa kuogopa macho ya jirani. Ukitaka kuhamia kituo kingine, mweleze muuguzi akuandikie barua ya uhamisho, ili matibabu yasikatike hata siku moja.