Duka Likisombwa, Daftari Libaki

Swali: Nina duka la pembejeo hapa Kabazi, karibu na mkondo wa maji. Tangu maafa ya Solai, mvua ikinyesha usiku silali. Nianzie wapi?
Mwenye duka, Kabazi

Jibu: Hofu yako ina msingi, mama. Bwawa la Patel lilipasuka Solai usiku wa tarehe 9 Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40. Na bonde lenu la Subukia ndilo lililotikiswa na tetemeko kubwa la Januari 1928.

Kwanza mkubaliane na wafanyakazi mtakimbilia mwinuko gani, bila kurudi kuokoa mali. Kisha daftari la madeni. Hapa nasisitiza, maana mbolea hununuliwa tena, lakini deni lisilo na maandishi ni vigumu kulidai. Kila jioni piga picha kurasa za siku hiyo, umtumie ndugu aliye Nakuru mjini. Picha iliyo kwenye simu yako pekee yaweza kuzama nayo. Leseni na risiti za mali vilevile.

Bima isome kabla ya kulipa. Bima ya moto kwa kawaida haigusi mafuriko wala tetemeko mpaka uombe yaongezwe. Wakala akuonyeshe kwa maandishi, na thamani ya mali iwe ile ya msimu wa kupanda, duka likiwa limejaa.

Dawa za mimea zipandishe rafu ya juu leo hii. Zikisombwa, zitaingia kwenye maji wanayokunywa majirani zako.