Kabla ya Kuchimba Msingi Mgeta

Ukitaka kujenga Mgeta, usianze na mchora ramani. Anza na ukoo. Sisi Waluguru ardhi tunairithi upande wa mama, na mjomba ndiye anayejua shamba la nani liliishia wapi. Nilipopewa kipande changu cha kwanza karibu na Nyandira, karatasi niliyoitafuta kabla ya nyingine zote ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo: majina ya waliokuwepo, mipaka iliyotajwa kwa majirani na kwa miti, sahihi za wajomba na za mama zangu wadogo, na mtendaji wa kijiji akiwa shahidi. Wengi hawaoni haja ya kuandika, kwa kuwa kila mtu kijijini anajua eneo ni la nani. Wanaojua vizuri ni wazee. Nyumba itasimama baada yao, na wajukuu zao hawatakuwa na cha kushika ila maandishi.

Muhtasari huo ndio uliofungua mlango wa hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Maombi yanapelekwa halmashauri ya kijiji, ambayo sheria imeipa siku 90 kutoa uamuzi. Eneo linahakikiwa majirani wakiwepo, mwenyekiti na mtendaji wanasaini, nawe unasaini au unaweka dole gumba, kisha afisa ardhi wa wilaya anaisajili na kuigonga muhuri. Siku ya uhakiki nenda mwenyewe, tena uwaombe majirani wa pande zote waje, hata yule msiyesalimiana naye. Huyo hasa. Akishaonyesha mpaka mbele ya wanaohakiki, hutamsikia tena unapofika kwenye linta.

Nawaambia dada zangu waziwazi: sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kwetu wanawake wamekuwa na ardhi tangu zamani, lakini nimeona hati zikitoka kwa jina la kaka au la mume kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kwenda ofisini. Eneo likiwa lako, jina liwe lako. Likiwa la wawili, yaandikwe yote mawili.

Sasa kibali chenyewe cha ujenzi. Tarafa ya Mgeta iko wilaya ya Mvomero, na makao ya halmashauri yako Wami Sokoine, upande wa barabara ya Dodoma. Unashuka mlima hadi Sangasanga, unashika barabara ya Iringa kuja Morogoro mjini, ndipo unaanza safari ya pili. Kwa umbali huo usiende mikono mitupu. Maliza kwanza mambo ya kijiji na kata, chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji, toa nakala za kila kitu, ndipo upande gari.

Ukifika, swali la kwanza kwa afisa mipango miji liwe hili: eneo langu limo ndani ya eneo lililotangazwa la mipango? Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo kama hilo bila idhini. Majibu yanaweza kutofautiana kati ya senta yenye maduka na kitongoji kilicho juu kwenye mashamba ya kabichi. Hata ukiambiwa uko nje, waachie michoro waikague. Mimi nilitaka mhandisi aione yangu kwa sababu ya mlima.

Na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya karibu milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, walioandika kuhusu siku hiyo mwaka 1972, walieleza maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000. Mengi mno yalianzia mashambani na kwenye majani. Yaliyoanzia msituni, penye mizizi mirefu ya kushika udongo, yalikuwa machache sana. Miteremko ile ndiyo hii tunayoikata leo ili tupate kiwanja.

Kwa hiyo mchoro wa nyumba ya Mgeta hauwezi kuwa ule wa Kihonda au wa Kingolwira, kule tambarare. Ramani za kununua tayari zimechorwa kwa kiwanja tambarare. Mwambie mchoraji apande mwenyewe akaone eneo, kisha aonyeshe mteremko kwenye mchoro wa ubavuni: mlima unakatwa kiasi gani, udongo uliokatwa unapelekwa wapi, ukuta wa mawe wa kuzuia udongo una unene gani na matundu yake ya kutolea maji yako wapi. Msingi ushuke kwa ngazi kufuata ardhi, na wote ukae kwenye udongo wa asili. Kuna mafundi hukata upande wa juu, wakamwaga udongo upande wa chini, wakashindilia kwa miguu, kisha wakajenga nusu ya nyumba juu yake. Masika moja inatosha kuonyesha ufa. Juu ya nyumba uchimbwe mfereji wa kukinga maji ya mlimani, na uishie korongoni. Usiishie kwenye njegere za jirani aliye chini yako.

Wazee wetu wana kumbukumbu ya mambo haya, na si yote mema. Mwaka 1955 watu wa milima yetu ya Uluguru waliinuka dhidi ya mpango wa serikali ya kikoloni uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Ndiyo maana mzee akimwona mtu wa wilaya anapima mteremko kwa kamba, huuliza maswali. Yajibu kwa heshima. Mweleze kwamba safari hii mwenye ardhi ndiye aliyeomba vipimo.

Kuna mipaka miwili ambayo mjomba hawezi kukusogezea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Mgeta kila bonde lina mto au kijito. Maji hayo yanaingia mto Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Mpaka wa pili ni hifadhi ya barabara: kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukiwa karibu na barabara, pima kabla ya kuchora. Alama nyekundu ya X ukutani haifutwi na muhtasari wa ukoo.

Ada utapewa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ulipe kwa simu au benki. Usimkabidhi mtu fedha mkononi, awe mpole namna gani. Andika jina la aliyepokea faili lako na tarehe, uombe namba yake ya ofisini, kisha piga simu kila baada ya muda. Faili lenye mtu wa kuliulizia husogea. Afisa afya naye atauliza choo na karo la maji taka viko wapi. Kwenye mteremko viwe chini ya nyumba na mbali na chemchemi, kwa kuwa chini yako kuna mtu anachota.

Kibali kikitoka, soma masharti yaliyoandikwa na muda wake wa kuisha. Mpe nakala mtendaji, nyingine ikae kwa fundi palepale kazini. Mawe na kokoto zipande kabla ya Machi, maana masika ikishika gari hukwama njiani. Ukinunua tofali za kuchoma, uliza kuni zilitoka wapi. Halafu mtaro wa msingi ukishachimbwa, usiruhusu zege limwagwe siku hiyo, hata fundi akikuhimiza kwamba vijana wa zege wameshafika. Mpigie mhandisi aje aone chini kabisa, penye udongo mgumu, na asaini kwanza.