Mwandishi Aliyezisoma Hati za Serikali

Wengi hudhani ya kuwa mwandishi achunguzaye mambo ya serikali hana budi kuwa rafiki wa wakubwa, apate kunong'onezwa siri zao. Maisha ya Bwana I. F. Stone wa Marekani (1907-1989) yatufundisha vingine.

Mwezi wa Januari 1953 alianzisha mjini Washington gazeti lake la kila juma, lenye kurasa 4 tu. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, hakutegemea maneno ya mikutanoni. Alisoma taarifa za Bunge na hati za serikali, ambazo kila raia aliruhusiwa kuzisoma, akazilinganisha.

Mwaka 1957 serikali ililipua bomu la atomiki chini ya ardhi huko Nevada. Mwaka uliofuata idara ya atomiki ilitangaza kuwa mtikisiko wake haukutambulika mbali kupita maili 200 hivi. Neno hilo lilikuwa zito: ikiwa majaribio hayatambuliki kwa mbali, nani atajua kama mapatano ya kuyakomesha yamevunjwa? Bwana Stone akawauliza wapimaji wa matetemeko wa serikali iyo hiyo, akaambiwa kuwa mtikisiko ulipimwa hata Alaska, zaidi ya maili 2,000. Idara ikalazimika kusahihisha tangazo lake.

Wazazi, fundisho ni hili: kweli iliyofichwa kwa maneno mara nyingi imo katika karatasi iliyo wazi. Watoto wetu wasikiapo tangazo lolote, wazoee kuuliza: Nani amelipima jambo hili, na ameliandika wapi?