Kuchagua Valvu za Kikuza Sauti cha Santuri

Mji wa Tabora, uliokuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ulipata baadaye sifa nyingine, nayo ni muziki wa dansi. Nyimbo za Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zilienea kwa redio na kwa santuri. Lakini santuri hulika. Kila mara sindano ipitapo katika mfuo wake huondoa sehemu ndogo ya sauti, na sehemu hiyo hairudi tena. Hivyo anayetaka kuinakili yafaa aipige mara chache, kwa chombo bora. Kiini cha chombo hicho ni kikuza sauti cha awali, ambacho hupokea umeme hafifu wa sindano kabla haujafika kwenye amplifaya. Chaweza kuundwa kwa transista, tena kwa bei nafuu. Hapa chaelezwa kile cha valvu, ambacho fundi wa redio za zamani akielewa upesi.

Ndani ya valvu, filamenti huipasha moto kathodi, nayo hutoa elektroni zinazovutwa na anodi yenye volti nyingi. Kati yao iko gridi. Badiliko dogo la volti katika gridi huleta badiliko kubwa katika anodi.

Sindano ya sumaku hutoa takriban milivolti 5. Aidha, santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, ili mfuo usipanuke mno, na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa. Kikuza sauti hapana budi kigeuze hali hiyo. Saketi ya rezista na kapasita ifanyayo kazi hiyo hupunguza sauti ya kati karibu mara 10. Hapo ndipo uchaguzi unapoamuliwa. Valvu ya ECC82 hukuza kama mara 14. Hatua mbili ni mara 196, na baada ya saketi hubaki mara 20 tu, yaani milivolti 100. Hazitoshi. ECC83 hukuza mara 50 au zaidi kwa kila hatua. Hatua mbili huacha mara 250, yaani zaidi ya volti 1. ECC88 iko katikati, ila hutaka mkondo mkubwa zaidi katika anodi.

Lakini kukuza si kila kitu. Mzigo uliofungwa vibaya Bagamoyo ulifika Ujiji ukiwa umeharibika, hata kama wapagazi wa vituo vya mbele walikuwa hodari. Vivyo hivyo, mvumo uingiao katika hatua ya kwanza hukuzwa na hatua zote zifuatazo. Filamenti ya volti 6.3 ikiwashwa kwa umeme wa hezi 50 hukaa karibu na gridi yenye milivolti 5: volti yake ni zaidi ya mara 1,200. Kusokota nyaya zake husaidia. Dawa hasa ni umeme usiogeuka, na hapa ECC83 ina faida ambayo ECC88 haina: filamenti zake zaweza kuunganishwa kwa volti 12.6, zikitumia ampea 0.15 tu. Betri ya gari yatosha! Valvu mbili hutumia ampea 0.3, na betri ya ampea-saa 40 itaziwasha zaidi ya saa 50 kabla haijafika nusu. Chaja itolewe wakati wa kupiga santuri, kwani volti zake huzidi kipimo cha filamenti.

ECC82 iliyokataliwa mwanzoni ina kazi yake mwishoni. Mkondo wa ECC83 ni mdogo, na waya mrefu wa kwenda kwenye amplifaya huzila sauti nyembamba. ECC82 ikitolewa sauti kwenye kathodi haikuzi kitu, bali huusukuma waya huo bila taabu.

Santuri za mizunguko 78 hutaka sindano yenye ncha nene karibu mara tatu kuliko ya mizunguko 45. Sindano nyembamba huzama chini ya mfuo na kuukwaruza.

Anodi hutumia volti 250 hivi, nazo zaweza kuua. Kapasita kubwa huhifadhi umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Kwa hiyo rezista ya kilo-omu 220, ya wati 1, iunganishwe daima kati ya ncha zake, na mita isome karibu sifuri kabla mkono haujaingia ndani.