NAKALA KWANZA, MTANDAO BAADAYE
(Somo kwa wenye mashine za michezo zilizofunguliwa)

Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari. Methali hiyo nilikuwa nikiiandika tu kwenye insha ili nipate alama. Likizo ya Agosti ndipo nilipoielewa.

Binamu yangu ana mashine ya michezo aina ya Wii, ile ya kampuni ya Nintendo iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2006. Alikuwa ameifungua, yaani ameitia programu ambazo kampuni haikuziruhusu, ili acheze michezo iliyotungwa na watu binafsi na kushindana na wenzake mtandaoni. Jioni moja akawa anaiwekea programu nyingine inayogusa mfumo wenyewe. Mara stima zikapotea! Ziliporudi, kioo kilikuwa cheusi tititi.

"Nakala iko wapi?" nikamuuliza.

"Nakala gani tena?"

Jamani, ndani ya mashine hiyo kulikuwa na kikaragosi cha marehemu babu yetu, alichokitengeneza kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na alama zake za mchezo wa kuangusha pini. Alikuwa akitushinda sote! Tukaipeleka kwa fundi. Akasema anaweza kuandika upya kumbukumbu ya mashine kwa kifaa chake, mradi tumletee nakala. Nikaruka kwa furaha, kwa maana nami nina Wii na nakala yake ninayo. Fundi akacheka. "Hiyo ni ya kwako, si ya huyu."

Tuanzie hapo, basi.

1. KWA NINI NAKALA YA JIRANI HAIFAI
Wii ina kumbukumbu ya ndani ya MB 512. Humo ndimo unamokaa mfumo, vikaragosi, na michezo uliyoifikisha njiani. Yote yamefungwa kwa funguo za siri, na kila mashine ina funguo zake ilizozaliwa nazo kiwandani. Ukichukua nakala yangu ukaitia kwenye mashine yako, ni kama kufungua sanduku lako kwa ufunguo wa bweni la pili. Mashine mbili zinaweza kufanana kwa rangi na umbo, lakini ndani kila moja ina siri yake.

2. JINSI YA KUTENGENEZA NAKALA
Programu inayotumika huitwa BootMii. Fuata hatua hizi:

(a) Tafuta kadi ya SD yenye nafasi. Nakala huchukua takriban MB 528, hivyo kadi ya GB 1 iliyo tupu yatosha. Angalia kile kifungo kidogo ubavuni mwa kadi. Kikiwa upande wa kufunga, hakuna kitakachoandikwa.

(b) Washa BootMii, uchague alama ya kutengeneza nakala. Kama huna padi ifaayo, tumia mashine yenyewe: kitufe cha POWER husogeza, cha RESET huchagua.

(c) Mashine itasoma kumbukumbu yote, kisha itahakiki ilichoandika. Wengi huchoka wakaruka uhakiki. Usiuruke! Nakala isiyohakikiwa ni kama daftari uliloazima bila kulifungua. Siku ya mtihani utakuta kurasa hazimo.

(d) Utapata faili mbili, nand.bin na keys.bin. Zihamishe kwenye kompyuta, na nyingine uziweke mahali pengine kabisa. Nakala iliyobaki ndani ya kadi ile ile, ndani ya mashine ile ile, itaibiwa pamoja nayo.

Je, nakala yafaa nini mashine ikifa kabisa? Inafaa sana. Kwenye Wii za miaka ya kwanza, BootMii huweza kukaa katika sehemu iitwayo boot2, inayoamka kabla ya mfumo, hivyo mlango wa kurudishia nakala hubaki wazi. Kwenye zile za baadaye nafasi hiyo ilizibwa, ndiyo sababu sisi tulihitaji fundi. Hata fundi akishindwa, programu ya kompyuta iitwayo Dolphin huweza kuisoma nakala hiyo ya BootMii. Babu angalau angebaki kwenye kompyuta.

3. SASA TUINGIE MTANDAONI
Huduma ya Nintendo ya kuchezea Wii mtandaoni ilifungwa tarehe 20 Mei 2014. Wapenzi wa michezo wakajenga seva yao, Wiimmfi, na mpaka leo watu hushindana humo, hasa katika Mario Kart Wii. Lakini kabla hujaenda:

(a) Wii huelewa mawimbi ya GHz 2.4 tu, na kufuli la WPA2. Ruta yako ikiwa imewekwa WPA3 peke yake, mtasalimiana bure. Usiondoe neno la siri ati ili mashine iingie upesi, maana utakuwa umewafungulia majirani wote.

(b) Ukiulizwa kama unataka toleo jipya la mfumo, kataa. Toleo 4.3 la mwaka wa 2010 ndilo lililokuja kukomesha programu kama hizi. Na lile la 4.2, la Septemba 2009, liliandika upya boot2, na mashine kadhaa zikafa, hata ambazo hazikuwahi kuguswa na mtu.

(c) Programu uzichukue kwa watungaji wenyewe. Usipokee faili kwa mtu usiyemjua, na wala usimpe mtu nand.bin au keys.bin. Hizo ni kitambulisho cha mashine yako.

(d) Stima zikiwa zinapepesa, usiweke programu yoyote. Subiri kesho.

4. ADABU YA MGENI
Kufungua mashine si ruhusa ya kuiba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi, kwa hivyo mchezo una mwenyewe kama riwaya ilivyo na mwandishi wake. Mtandaoni nako usidanganye katika mashindano. Seva huitambua mashine, na ukifukuzwa, kubadilisha jina hakutakusaidia. Jina lako kamili, shule yako na nyumbani kwenu ni mambo ya kumficha mgeni.

TAMATI
Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi hatukuwa na ngama ya kurejea. Mashine ya binamu yangu ingali juu ya kabati, na shangazi hataki itupwe. Juzi binamu alipata Wii nyingine. Unajua alifanya nini kabla hata hajacheza? Alikuja kwetu kuazima kadi ya SD.

ZOEZI
1. Eleza kwa nini nakala ya Wii moja haiwezi kutumika katika nyingine.
2. Taja sababu mbili za kuweka nakala mahali zaidi ya pamoja.
3. Tunga kisa kifupi kitakachomalizikia kwa methali: Majuto ni mjukuu.